Mwanagenzi wa Ualimu Hafunzwi kwa Kutupwa Darasani

Wazazi wakutanapo, iwe ni barazani baada ya sala ya alasiri au ni katika mkutano wa shule, halikosi kusikika neno hili: walimu wa siku hizi kazi hawaipendi. Huingia darasani kama aingiaye kortini, na kengele ikilia huwa wao ndio wa mwanzo kutoka. Wako walaumuo mshahara, wako walaumuo vyuo, na wako wasemao kwamba vijana wa leo ndivyo walivyo. Mimi nina rai nyingine, nami naiweka mbele ya wasomaji wa ukurasa huu ili tuijadili. Naamini kwamba mapenzi ya mwalimu kwa kazi yake, au chuki yake, aghalabu hayatoki chuoni wala hayangoji mshahara wa kwanza. Huzaliwa katika zile wiki chache za mazoezi ya ualimu, kijana anapotolewa chuoni na kupelekwa katika shule ya watu aonje kazi. Na kwa kuwa shule hizo ni zetu, na watoto ni wetu, basi na sisi tumo katika jambo hili.

Nimefundisha miaka mingi katika shule za Pwani, na katika miaka hiyo nimewapokea wanafunzi wa mazoezi wasiopungua ishirini. Hao ndio niwaitao wanagenzi, kwa jina lile lile ambalo wazee wetu walimwitia kijana aliyewekwa kwa fundi ajifunze kazi. Baadhi yao sasa ni walimu wakuu. Baadhi nawaona katika maduka na katika ofisi za uwakala wa meli, wakiuza simu au wakijaza fomu, na nikiwauliza mbona ualimu waliuacha, jawabu huanza hivi: "Mwalimu, ile shule niliyopelekwa..."

Kwanza tuelewane mambo yenyewe yalivyo. Zamani mwalimu wa shule ya msingi alisomea cheti cha P1 kwa miaka miwili. Pamoja na kuja kwa Mtaala wa Umilisi, cheti hicho kimeondolewa na mahali pake pamewekwa stashahada ya miaka 3, na kijana hawezi kuingia ikiwa hakufikia alama iliyowekwa katika mtihani wa kidato cha nne. Wale wa sekondari hupitia vyuo vikuu, mathalan Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, na kwa kawaida hutumwa mashuleni kwa muda wa muhula mmoja. Kabla ya kutumwa, hufundishana wenyewe kwa wenyewe: mmoja husimama ubaoni, wenziwe hujifanya watoto, naye mhadhiri hukaa nyuma na karatasi yake. Ni zoezi zuri, lakini hao "watoto" wa chuoni hawapigani, hawasinzii, wala hawaji darasani na njaa. Siku ya kwanza mbele ya watoto wa kweli ni bahari nyingine.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Dan Lortie, aliandika katika mwaka 1975 jambo ambalo tangu hapo limenikaa moyoni. Alisema kwamba ualimu hauko kama kazi nyingine, kwa sababu kila aingiaye katika kazi hii amekwisha kuwatazama walimu kwa maelfu ya saa tangu alipokuwa mtoto. Lakini alichokiona ni upande mmoja tu. Alimwona mwalimu akisema na akiandika ubaoni. Hakumwona usiku akitengeneza andalio la somo, wala hakujua kwa nini siku ile alimwacha mtoto fulani na kumwita mwengine. Mfano wake ni mtu aliyekula pilau kila Ijumaa tangu utotoni lakini hajaingia jikoni hata siku moja. Huyo ukimpa sufuria na mchele atakwambia pilau aijua, na kweli aijua, kwa ulimi. Mazoezi ya ualimu ndiyo mlango wa jikoni. Kwa hivyo nani amfunguaye mlango huo, na akishaingia amwambia nini, ni jambo kubwa.

Sasa natutazame yanayompata mwanagenzi huyu. Afika shuleni Jumatatu na barua yake mkononi. Mwalimu mkuu amshukuru Mungu, kwani walimu wake ni wachache. Apewa masomo matatu na madarasa makubwa, aambiwe vitabu viko kabatini. Yule mwalimu mwenye darasa, ambaye ndiye angepaswa kuwa mlezi wake, aona amepata likizo. Hukaa chini ya muarobaini na gazeti lake, au huenda mjini kwa shughuli zake, na darasani haonekani tena mpaka wiki ya mwisho, atie sahihi. Simlaumu mtu huyo peke yake. Mwenye vipindi vingi kwa wiki na rundo la madaftari yasiyosahihishwa akipata wa kumpokea mzigo, hushusha pumzi. Lakini tusiite jambo hilo mafunzo.

Nawaomba wasomaji walinganishe na kazi ambazo sisi watu wa Pwani twazijua. Nendeni Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, mahali ambapo vyombo vyaundwa hadi leo. Kijana aliyekwenda kujifunza hapewi tezo siku ya kwanza na kuambiwa achonge mkuku. Ataanza kwa kushika ubao fundi anapoupima, atatumwa misumari, ataonyeshwa pamba na mafuta, na siku moja ataachiwa kutia kalafati ufa mmoja, naye fundi amesimama kando. Akikosea husahihishwa papo hapo, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba ufa mmoja ukiachwa chombo chaingia maji na watu wafa. Siku atakapofikia kuyatia mataruma mwenyewe, mikono yake imekwisha kuwa na adabu ya kazi. Na sio mikono tu. Amejifunza vilevile namna fundi asemavyo juu ya ufundi wake, kwa heshima, na kuona fahari kwamba yeye ni mmoja wao. Inakuwaje basi kwamba chombo cha mbao tukionee uchungu hivyo, na darasa la watoto hamsini tulikabidhi kwa mtu asiyesimamiwa na yeyote?

Madarasani kwetu kulikuwa na utaratibu kama huo. Mwanachuo aliyetangulia alisomesha wadogo juzuu ya Amma huku sheikh amekaa pale pale, sikio lake likisikia kila herufi iliyotamkwa vibaya. Naye Imamu Ghazali, katika Ihyaa, alipoyataja yampasayo mwalimu alianza na huruma: kwamba awaone wanafunzi wake kama wanawe wa kuzaa. Huruma hiyo haisomwi kitabuni pekee. Kijana huipata kwa kumwona mtu mzima akiitenda, au huikosa.

Darasa la pili la mwanagenzi, ambalo halimo katika ratiba, ni chumba cha walimu. Hapo ndipo asikiapo kazi inavyosemwa na wenyewe. Katika shule moja niliyopata kufundisha alikuja msichana mmoja mwenye bidii, kila usiku akichora picha zake kwenye makaratasi makubwa. Siku ya tatu mwalimu mmoja mkongwe alimwangalia akibandika picha zile akamwambia, "Mwanangu, ungali kijana. Tafuta kazi nyingine kabla hujazeeka kama sisi." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Muhula ulipokwisha, picha zilikuwa zimekwisha pia. Alikuwa akisoma kitabu, watoto wakiitikia, kengele ikilia akitoka. Hakuna aliyemkataza kufundisha vizuri. Alionyeshwa tu kwamba kufundisha vizuri ni jambo la watoto wa chuo, na wakubwa hawafanyi hivyo.

Mwenziwe, wa chuo kimoja naye na wa mwaka mmoja, alipelekwa shule ya jirani ambayo kwa majengo ilikuwa duni zaidi. Bati lake lilivuja na madawati yalikuwa haba. Lakini pale palikuwa na mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima, ambaye wiki ya kwanza alimkalisha msichana yule nyuma na kumwambia atazame tu. Wiki ya pili walifundisha pamoja, huyu somo la kusoma na yule la hesabu. Kila jioni walikaa nusu saa, wakiulizana: fulani leo mbona hakuandika? Yule wa nyuma mbona alinyamaza? Msichana huyo hadi leo ni mwalimu, tena wa kusifiwa. Nilipomuuliza alijifunza nini pale, hakutaja mbinu yoyote. Alisema, "Nilijifunza kuwa mtoto akishindwa, ni mimi wa kutafuta njia."

Sasa nije kwenye bakora. Sote twajua kwamba adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaikataza waziwazi. Vyuoni mwanagenzi hufundishwa hivyo. Afikapo shuleni aikuta bakora juu ya kabati. Kwa wiki mbili ajizuia. Darasa lake lina kelele, na mlango wa pili yuko mwalimu ambaye darasa lake ni kimya kama makaburini. Mwalimu mkuu akipita, humsifu nani? Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani aitwaye Wayne Hoy aliyapima mawazo ya wanagenzi kabla ya mazoezi na baada yake, akakuta kwamba walitoka wakiwa wakali zaidi kuliko walivyoingia, wakiamini zaidi kudhibiti na kuadhibu kuliko kuelewana na mwanafunzi. Hawakuambukizwa uovu. Waliona tu kwamba katika shule mwalimu mzuri ni yule ambaye darasa lake halisikiki. Naye Simon Veenman, Mholanzi, alipokusanya tafiti 83 za nchi mbalimbali mwaka 1984, alikuta kwamba shida inayowasumbua walimu wapya kuliko zote ni nidhamu ya darasa. Ikiwa shida ya kwanza ni hiyo, na hakuna mtu wa kumwonyesha njia nyingine, atashika iliyo karibu. Wazazi wenzangu mnaouliza mbona walimu vijana huwapiga watoto ilhali sheria yakataza, jawabu ni hilo.

Kisha kuna siku ya mkaguzi kutoka chuoni. Wallahi siku hiyo ni kama siku ya harusi. Azimio la kazi lapigwa rangi, kuta zavishwa picha, watoto waambiwa waketi wima na wale wagumu wa kusoma watumwa kuchota maji. Mkaguzi akaa nusu saa, aandika alama, ampa kijana mkono na kuondoka kwa gari kwenda shule nyingine, kwani siku hiyo ana shule nne za kuzunguka. Picha zabanduliwa. Mwanagenzi hapo amejifunza somo baya kuliko yote: kwamba kufundisha ni kumwonyesha mkubwa, na mtoto ni kifaa cha maonyesho. Akishaajiriwa atamngoja mkaguzi mwengine, na asipokuja, hatafundisha.

Haya yako Kenya nzima. Lakini sisi wa Pwani tuna letu zaidi. Wanagenzi wengi hung'ang'ania Mombasa mjini na kando kando ya barabara kuu, kwa sababu ya nyumba na usafiri. Shule za ndani ya Kwale na Tana, na zile za kisiwani huko Faza, Siyu na Kizingitini, ambako chombo husubiri maji kujaa, hupata wachache. Naye aliyekwenda mara nyingi huenda kama aliyehukumiwa. Ikiwa ni kijana wa bara, haijui dini ya watu wala desturi zao, na hakuna aliyemweka kitako akamweleza. Chukueni Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo hapana muhula usiofikiwa nao. Mwanagenzi ana kipindi cha mwisho cha mchana, na watoto wamefunga tangu alfajiri. Wengine wameamka daku, wengine walikesha kwenye tarawehe. Wasinzia. Yeye aandika katika kitabu chake kwamba watoto wa Pwani ni wavivu, na neno hilo arudi nalo chuoni, alieneze. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani kwa kuwa jioni yote alikuwa madrasa. Lau angeambiwa mapema, angeweka hesabu asubuhi, na angeshangaa kuona kwamba mtoto ambaye kila siku huhifadhi aya ana kumbukumbu ambayo mwalimu mwerevu angeitumia.

Nasi wenyeji tunamkaribishaje? Twasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hukodishiwa chumba kwa bei ya mtalii, na mitaani huitwa "yule wa bara" mpaka siku anayoondoka. Nimewahi kuona mtaa mmoja ambao kamati ya msikiti ilimtafutia mwanagenzi Mkristo chumba katika nyumba ya mjane mmoja, na kila magharibi ya Ramadhani sinia yake ya futari ikafika. Kijana yule alipomaliza masomo yake aliomba mwenyewe kurudi pale. Hakuitwa na mshahara.

Na vijana wetu wenyewe? Ualimu wengi wanaukimbia. Waona bandari, hoteli na Uarabuni. Matokeo yake ni kwamba shule zetu nyingi hutegemea walimu kutoka mbali, na anayekutegemea kutoka mbali yuko katika hatari. Tuliliona jambo hilo kwa majirani zetu wa Kaskazini Mashariki. Mnamo Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi huko Mandera, walimu wakiwamo, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Madarasa yalibaki na watoto bila mwalimu. Mtu hawezi kuwalaumu waliohofia roho zao. Lakini mji wenye walimu wake wa kuzaliwa hauachwi tupu kwa siku moja. Na hao wa kuzaliwa hawatapatikana ikiwa kila mtoto wetu aendaye mazoezini arudi nyumbani na kumwambia mamake kwamba kazi ile haifai.

Najua yatakayosemwa. Watasema shida ndizo zimfunzazo mtu, nasi wakongwe tulitupwa vivyo hivyo tukaogelea. Ni kweli wako walioogelea. Waliozama hatuwahesabu kwa sababu hawako nasi chumbani. Tena shida ni aina mbili. Shule ya bati linalovuja yenye mlezi mwema humkomaza kijana. Shule ya majengo mazuri isiyo na mtu wa kumsemesha humvunja. Wengine watasema mazoezi si kitu, mwalimu huvunjwa na malipo. Nalo lina ukweli. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walioajiriwa mwaka 2023 kwa Sh20,000 kwa mwezi, wakifanya kazi sawa na wenzao, walifika mpaka mahakamani, na Aprili 2024 mahakama ya kazi ikaona haikuwa halali kuwaajiri namna ile. Hilo lapasa kudaiwa, na walimu wana haki ya kulidai. Lakini mshahara mwema haumfundishi mtu kuketi na mtoto aliyeshindwa kusoma. Lile hufundishwa na mtu.

Nini basi kifanywe? Nasema mambo manne. La kwanza, mlezi wa mwanagenzi achaguliwe kwa kujulikana kwake kuwa mwalimu mwema, asipewe yeyote aliye na darasa gumu atakaye kulikimbia. Na kazi hiyo ya ulezi ihesabiwe katika vipindi vyake. La pili, wiki mbili za mwanzo ziwe za kutazama na kufundisha pamoja, si za kuachiwa. La tatu, mkaguzi wa chuo aje mara ya kwanza bila karatasi ya alama, akae, asikilize, aulize watoto wamejifunza nini. Afadhali ziara mbili za maana kuliko nne za mbio. La nne ni letu sisi. Kila shule ipokeapo wanagenzi, kamati ya wazazi na wazee wa mtaa wawaite siku ya kwanza, wawajulishe mji: saa za madrasa, desturi za Ramadhani, namna ya kuzungumza na mzazi, na nyumba ya kulala kwa bei ya haki. Jambo hili halihitaji fedha ya serikali wala sheria ya Bunge.

Na walimu wenzangu wakongwe, tuuangalie ulimi. Mna haki ya kuchoka, na mna haki ya kulalamika mbele ya chama na mbele ya Tume. Lakini mbele ya kijana wa miaka ishirini aliyekesha akichora picha, tuyazuie maneno yetu muhula mmoja tu. Muhula ujao watakuja wengine na barua zao mkononi. Mmoja wao ndiye atakayemfundisha mjukuu wangu, au wako, kusoma.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye rai nyingine na ailete, tuipime.